Nani Katangulia?

Akaunti ya pamoja ina shilingi 100,000. Mume yuko kwenye ATM Mwanza, mke yuko kwenye nyingine Dar es Salaam, na kila mmoja anataka kutoa 80,000 bila kumwambia mwenzake. Kompyuta ya kwanza inasoma salio: 100,000, zinatosha. Kabla haijaandika salio jipya, ya pili nayo imeshasoma: 100,000, zinatosha. Zinatoka 160,000, na kila kompyuta inaandika kwamba zimebaki 20,000. Hakuna mashine mbovu wala mwizi hapo. Kila programu imefanya ilichoagizwa, ila hatua zao zimepishana vibaya.

Makosa ya aina hii ndiyo yaliyomshughulisha Leslie Lamport, mwanahisabati Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1941. Ubaya wa makosa hayo ni kwamba hayaonekani yakitafutwa. Programu itajaribiwa mara elfu na kwenda sawasawa, kisha siku wateja wakifurika, hatua mbili zinagongana na fedha hazijulikani zilikokwenda.

Swali lilikuwa limeshaulizwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1965: programu nyingi zitapokezanaje kitu kimoja bila mbili kuingia kwa pamoja? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lamport alisoma jibu moja lililochapishwa, akaliona limezungushwa mno, akaandika lake fupi na kulipeleka kwenye jarida. Mhariri alilirudisha pamoja na mfano unaoonyesha kwamba halifanyi kazi. Lamport alijikasirikia. Aliamua kutopeleka tena algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kompyuta, isiyo na uthibitisho wa kihisabati, akarudi mezani.

Kilichotoka, mwaka 1974, ni algoriti ya duka la mikate, iliyopewa jina kutokana na maduka ambako mteja huchukua namba na kungoja aitwe, kama ilivyo leo kwenye benki na hospitali nyingi. Lakini dukani kuna anayegawa namba, na yeye mwenyewe hugombewa. Kwa Lamport hakuna mgawaji: kila programu huchungulia namba za wenzake, kisha hujipa moja iliyozidi zote. Mbili zikijipa namba sawa, mpangilio wa majina huamua. Ajabu ni kwamba hata programu ikisoma namba ya mwenzake wakati bado inaandikwa, ikaambulia tarakimu za ovyo, foleni haivurugiki. Lamport husimulia kwamba mwenzake mmoja kazini alisoma uthibitisho huo, hakuona kosa, na bado alirudi nyumbani haamini.

Mwaka 1978 aligusa jambo zito zaidi, yaani wakati wenyewe. Kompyuta zilizo mbalimbali hazina saa moja. Saa zao hutofautiana, na ujumbe huchukua muda njiani. Akiongozwa na nadharia ya uhusianifu ya Einstein, Lamport aliacha kuuliza saa ngapi, akauliza tukio gani lingeweza kuathiri lipi. Ujumbe hauwezi kupokewa kabla ya kutumwa. Huo ndio uhakika uliopo.

Basi kila kompyuta ipewe kihesabio kinachoongezeka kwa kila tukio. Mwanza ikiwa kwenye 7 ikatuma ujumbe, inaubandika 7 hiyo. Dar es Salaam ilikuwa kwenye 3. Ikiupokea inaruka hadi 8. Zikipashana maombi yote na kuyapanga kwa namba hizo, zote mbili zinapata orodha ileile: mmoja anapewa 80,000, mwingine anaambiwa salio halitoshi.

Shida ni pale kompyuta moja inapozimika. Nyingine itangoja jibu mpaka lini? Na ikiwa haijazimika bali inadanganya? Hilo la pili Lamport alilijibu mwaka 1982 pamoja na Robert Shostak na Marshall Pease, kwa kisa cha majenerali wa Byzantium waliouzingira mji huku miongoni mwao kukiwa na wahaini. Kwa ujumbe wa mdomo mtupu, kumstahimili mhaini mmoja kunahitaji majenerali wanne. Watatu hawatoshi.

Swali la kwanza, la kompyuta inayozimika, lilimletea vituko. Alikusudia kuthibitisha kwamba mfumo wa kustahimili kuzimika huko, waliotaka kuujenga wenzake, hauwezekani. Badala yake akagundua namna ya kuufanya. Kwa kifupi, uamuzi hupita ukikubaliwa na zaidi ya nusu ya kompyuta. Kwa kuwa nusu-na-ushei mbili lazima zikutane kwenye angalau kompyuta moja, maamuzi mawili yanayopingana hayawezi kupita. Tano zikizimika mbili, kazi inaendelea.

Lakini aliyaandika hayo kama utafiti wa mambo ya kale kuhusu bunge la kisiwa cha Paxos, Ugiriki, ambako wabunge walikuwa watoro, na wanasayansi wenzake aliwavika majina ya Kigiriki cha kubuni. Wahakiki wa jarida, mwaka 1990, walimtaka aondoe hekaya hiyo. Alikataa, akaiweka makala kando, na ikachapishwa mwaka 1998. Mzaha mtamu, ila uliichelewesha makala miaka minane. Mwaka 2001 aliyaeleza upya bila wabunge, na Google ni miongoni mwa walioitumia njia hiyo, ambayo sasa huitwa Paxos.

Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta, alipewa ya mwaka 2013. Wakati huo wahandisi wa Amazon walikuwa wameshaanza kutumia TLA+, lugha aliyoibuni ya kuandika mpango wa mfumo kihisabati ili kompyuta iukague kabla haujajengwa. Katika hifadhidata yao ya DynamoDB, ukaguzi huo ulifichua kosa ambalo lingeweza kupoteza data za wateja. Njia fupi kabisa ya kulifikia ilikuwa na hatua 35, na lilikuwa limepenya mikononi mwa waliokagua mpango, waliokagua programu na walioijaribu.