Unakwenda Kuvua Ziwa Masoko?

Ziwa Masoko, wilayani Rungwe, ni shimo la volkano lililojaa maji. Ni dogo, upana wake haufiki kilometa moja. Lakini kina chake ni meta 36 hivi, na kingo zake zina mteremko mkali. Usiende peke yako.

Kwanza iulize serikali ya kijiji kama uvuvi unaruhusiwa. Chukua ndoana, mshipi, minyoo na koti la mvua. Rungwe mvua haichagui siku!

Usitupe mshipi mbali. Samaki wa jamii ya perege wapo hata karibu na ukingo. Ukimpata mmoja, mtazame kinywani. Jike hubeba mayai na watoto wake humo. Huyo mrudishe majini upesi, hata kama nyumbani hakuna mboga. Hakuna mto uingiao Masoko kuleta samaki wengine.