Mbao Mpya kwa Lee-Enfield Iliyokatwa: Pesa Iende Wapi?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bunduki za Lee-Enfield zilizopitwa na wakati, aina zilezile walizobeba askari wa King's African Rifles (KAR), ziliuzwa kwa raia wa Uingereza, Kanada na Marekani kwa bei ya chee. Wawindaji wengi walizipitisha kwenye msumeno: mbao ndefu ya mbele ikafupishwa, vifuniko vya mbao vya juu ya mtutu vikatupwa. Leo wakusanyaji wenye leseni wanazinunua wakitaka kuzirudishia sura ya kijeshi. Kabla ya kufungua pochi, pima mtutu. Ukikuta nao ulikatwa, achana na mradi huo, maana hakuna mbao itakayorudisha thamani yake.

Kitako cha nyuma hakistahili kukunyima usingizi. Vya kale vya jeshi bado vinapatikana, na kukichonga upya ni kujitafutia kazi. Angalia urefu tu: herufi S ni kifupi, L ni kirefu, B ni kifupi kuliko vyote, na kisicho na herufi ni cha kawaida.

Gharama imejificha kwenye mbao ya mbele. Risasi inapotoka, chuma hurudi nyuma kwa nguvu, na kwenye SMLE, ile Lee-Enfield fupi, nguvu hiyo hupokewa na kuta mbili ndogo za mbao karibu na kifyatulio. Zikilegea hata kidogo, shabaha inayumba na mbao inaanza kupasuka. Waaustralia wa kiwanda cha Lithgow walipotumia mti laini kuliko mjozi uliozoeleka, waliziwekea kuta hizo vibati vya shaba.

Mbao ya kale ya jeshi ambayo haijawahi kufungwa kwenye bunduki ndiyo ningeinunua, hata ikiwa ghali. Iliyotumika ni rahisi zaidi, lakini ikague sehemu ya nyuma. Boliti ya kitako cha SMLE ina ncha ya mraba inayoshikwa na kibati ndani ya mbao ya mbele. Asiyejua akilegeza boliti kabla ya kuvua mbao hiyo, anaipasua. Na mbao iliyonyonya mafuta ya bunduki kwa miaka mingi haishiki gundi hadi mafuta yatolewe.

Zipo pia mpya zilizochongwa kwa mashine, ambazo mnunuzi humalizia kwa patasi. Hapa wengi hudanganyika. Muuzaji akisema kazi imebaki kidogo, ujue hicho kidogo ndicho kigumu: kupaka chuma masizi, kukikalisha, kukitoa, kukwangua palipochafuka, kisha kurudia hadi pande zote mbili ziguse sawasawa. Ukimpa fundi anayelipwa kwa saa, malipo yake huenda yakapita bei ya mbao yenyewe.

Kuchonga kutoka gogo tupu huonekana rahisi kwenye karatasi, kwani kipande cha mjozi wa kawaida si ghali kama kile chenye maua ya kupendeza. Maua hayo waachie wenye bunduki za kifahari. Jeshi lilitaka nyuzi zilizonyooka. Ila lazima mbao iwe imekauka, na ikikaushwa kwa hewa huhesabiwa takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ongeza patasi za mviringo, tupa, na mbao ya pili kwa ajili ya ile utakayoiharibu. Njia hii inamlipa aliye na karakana tayari na anayependa kazi yenyewe.

Vifuniko vya juu vinunue pamoja na mbao ya mbele, kwa sababu ni vyembamba, hupasuka upesi, na bei yake kimoja kimoja hushangaza.

Rangi ya kung'aa usinunue. Mafuta ya kitani yanatosha na ni ya bei ndogo: paka kidogo, sugua, acha yakauke, rudia. Matambara yake yatandaze nje au yaloweke majini, kwani yakirundikwa huweza kujiwasha moto yenyewe.