Bustani ya Jeevanjee: Malkia Aliletwa na Nani?

Wakazi wengi hupita Bustani ya Jeevanjee kila siku, kati ya Moi Avenue na barabara ya Muindi Mbingu, kuketi kivulini, kusikiliza wahubiri wa mchana au kufuata mijadala ya Bunge la Mwananchi. Swali tunaloulizwa mara kwa mara ni hili: sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza ilifikaje hapo?

Haikuletwa na serikali ya kikoloni. Ilitolewa na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyepata mali kwa kandarasi za reli ya Uganda, na ambaye mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa. Bustani yenyewe pia ni zawadi yake kwa watu wa Nairobi. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1906 na Duke wa Connaught, mwanawe Malkia, miaka mitano baada ya mama yake kufariki.

Si ajabu mtu kuuliza mbona Mhindi amjengee Malkia sanamu. Wakati huo Wahindi walikuwa wakidai haki sawa wakiwa raia wa himaya, na kumheshimu Malkia hadharani kulikuwa namna ya kukumbusha dai hilo. Jeevanjee aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwa Mwasia wa kwanza, akapinga waziwazi ubaguzi uliowazuia Waasia kumiliki ardhi ya nyanda za juu. Alifariki mwaka 1936.

Mwaka 1991 bustani ilikaribia kupotea. Kulikuwa na mpango wa kujenga hapo jumba la ghorofa la kuegesha magari na la biashara. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, wakazi wakamuunga mkono, naye Profesa Wangari Maathai akapaza sauti. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: ardhi hii ilitolewa kwa umma, si kwa ofisi yoyote. Mpango ukaachwa.

Sanamu haikubahatika hivyo. Mwaka 2015 ilikutwa imeangushwa na kichwa kimekatwa. Wapo waliofurahi, kwa kuwa ni kumbukumbu ya ukoloni. Wapo waliosikitika, kwa kuwa ni ya umri wa karibu sawa na mji wenyewe. Pande zote mbili zina hoja.

Chini ya Katiba ya 2010, bustani za umma ni jukumu la kaunti. Ukiona mtu akiharibu chochote humo, au akizungushia ua sehemu yake, mweleze askari wa kaunti aliye karibu, au fika ofisi ya wadi yako.