Heri ubomoe kwenye skrini kuliko kwenye mjengo

Ushawahi kufanya kibarua cha mjengo? Mimi nimefanya, nilipoacha chuo. Siku moja tulipiga plasta ukuta ukatoka safi, kesho yake fundi wa mabomba akaja na patasi. Bomba lilifaa kupita palepale penye nyaya za stima. Michoro ilikuwa miwili na hakuna aliyeilinganisha. Tukabomoa. Na unajua nani alikosa pesa ya siku hiyo? Sisi wa kubeba kokoto.

Hasara kama hiyo ndiyo BIM inapunguza, yaani kujenga jumba zima kwenye kompyuta kwanza. Ramani ya msanifu, nguzo za injinia, mabomba na nyaya, vyote vinaunganishwa pamoja. Bomba likigonga boriti, programu inakuonyesha kabla msingi haujachimbwa. Ukisogeza mlango, michoro na hesabu ya vifaa inajirekebisha.

Uingereza iliifanya lazima kwa miradi ya serikali kuu tangu Aprili 2016.

Sasa wewe msee wa mtaa bila digrii, skia. Revit ni ya kulipia, lakini FreeCAD ni ya bure, na Bonsai inayokaa ndani ya Blender pia. Hazitakufanya injinia, kutia sahihi michoro bado ni kazi ya waliosajiliwa. Lakini aliyebeba kokoto anajua vile bomba hupita ukutani. Hiyo elimu usiitupe. Leo usiku pima chumba chako, ukichore.