Kutembeza Maji katika Tangi la Samaki la Darasani

Utangulizi

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara, ambao hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria, yaligeuka meusi, na samaki wengi wakaonekana wakielea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba oksijeni ilipungua majini kutokana na kuoza kwa mimea ya kinamasi pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo. Wananchi wengi waliyapokea maelezo hayo kwa mashaka.

Mtoto wa Gorong'a akimwuliza mwalimu wake, "Samaki amezaliwa majini, atakosaje pumzi humo humo majini?", mwalimu atamjibu nini? Makala hii yakusudia kumwonyesha mwalimu mtarajiwa jinsi ya kulijibu swali hilo kwa tangi la samaki, ambalo maji yake hutembezwa bila umeme.

Kwa nini maji yatembee

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na kiasi chake ni kidogo sana. Lita moja ya maji baridi, katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, haiwezi kupokea kutoka hewani zaidi ya miligramu 8 hivi. Maji yakipata joto zaidi, kiasi hicho hupungua. Maji ya bahari hupokea kidogo zaidi, yaani karibu miligramu 7 katika joto hilo hilo. Kwa hiyo wenzetu wa Tanga au Unguja wakitaka kufuga viumbe wa bahari, hawana budi kuyatembeza maji yao kwa bidii kuliko sisi.

Oksijeni huingia kwa juu, pale maji yanapogusana na hewa. Katika maji yaliyotulia huteremka polepole mno. Wakati huo huo mabaki ya chakula na kinyesi huzama chini, huoza, na kuitumia oksijeni iliyopo. Basi kazi ya mkondo ni kuyapandisha maji ya chini yakaguse hewa, na kuyateremsha ya juu.

Vifaa na mpango wake

Tutumie tangi la kioo lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kimo cha sm 30. Likijazwa hadi sm 25 litachukua lita 45. Tunahitaji pia ndoo mbili za lita 20, mpira mwembamba, kipande cha chandarua na changarawe iliyooshwa vizuri. Maji ya bomba yenye dawa yaachwe wazi kwa siku moja au mbili kwanza.

1. Ndoo ya kwanza iwekwe juu ya tangi, upande mmoja. Itobolewe tundu dogo karibu na kitako, ili itoe robo lita kwa dakika.

2. Mchirizi uelekezwe uanguke juu ya maji kwa mshazari, ukifuata urefu wa tangi. Hivyo utavunjavunja uso wa maji, utafika ukuta wa mbali, utateremka na kurudi kwa chini.

3. Upande wa pili, mpira uingizwe hadi karibu na changarawe, mdomo wake ukiwa umefungwa chandarua. Ujazwe maji kwanza ili uanze kuvuta. Mdomo wa nje ufungwe imara katika kimo cha sm 25 kutoka kitako cha tangi, maji yakianguka katika ndoo ya pili iliyo sakafuni. Maji ya tangi yakishuka hadi usawa wa mdomo huo, mpira huacha kuvuta. Kwa hiyo tangi haliwezi kukauka.

4. Ndoo ya chini ikikaribia kujaa, wanafunzi wa zamu waimimine katika ile ya juu.

Hapa somo la hesabu limekwisha kujileta. Robo lita kwa dakika ni lita 15 kwa saa. Lita 45 zitapita kwa saa tatu. Wanafunzi waipime kasi ndoo ikiwa imejaa, kisha ikiwa nusu, waone jinsi inavyopungua.

Kuupima mkondo

Kabla ya kutia samaki, tutumbukize majani machache ya chai yaliyolowa na kuyafuata kwa macho. Yakikusanyika pembe moja bila kuondoka, hapo maji yamelala. Aghalabu sababu ni jiwe lililobanwa ukutani, lisogezwe. Lakini mkondo usiwe mkali hata samaki wakachoka kushindana nao.

Makosa tuliyoyafanya

Tangi la kwanza tulilotengeneza na wanachuo wetu lilikuwa na makosa mawili. Tuliuingiza mchirizi kwa mpira hadi chini, pembeni, kwa kuogopa kelele. Uso wa maji ukabaki umetulia. Tena tuliweka samaki wanane. Mwisho wa juma hakuna aliyejaza ndoo. Jumatatu tulikuta sita wamekufa, na changarawe ya pembe ya mbali ilikuwa nyeusi, ikinuka kama yai viza.

Tulijifunza kwamba idadi ya samaki ipimwe kwa usiku, si kwa mchana. Usiku ndoo hazijazwi, na hata mimea ya majini hutumia oksijeni. Samaki wadogo watatu wanatosha. Wakionekana wote juu wakitweta midomo wazi, maji yatembezwe mara moja.

Jambo jingine: wawili waliosalia walikuwa kambare. Kambare anaweza kupumua hewa ya juu, kama afanyavyo kamongo. Kwa hiyo uhai wake si ushahidi kwamba maji ni mazuri. Tutumie perege wachanga au furu, nao wanunuliwe kwa wavuvi. Mwanafunzi asitumwe mtoni kamwe, kwa sababu ya mamba.

Kurudi mtoni

Katika mwaka 2018 wanasayansi waliouchunguza Mto Mara upande wa Kenya walichapisha habari kwamba kinyesi cha viboko hurundikana katika madimbwi, na mafuriko yakikisukuma kwa ghafula, oksijeni hushuka na samaki hufa. Twaona kwamba mkondo nao, ukiamsha uozo uliolala, waweza kudhuru. Ndiyo maana changarawe isafishwe kidogo kidogo kila juma, bila kuvurugwa yote kwa siku moja.

Mwalimu awe mwaminifu hapa. Tangi linaonyesha jinsi samaki wanavyoweza kufa kwa kukosa oksijeni; halithibitishi kilichotokea mtoni mwaka 2022. Kwa jambo hilo maji yenyewe hupimwa, mahali pengi na kwa siku nyingi. Mwanafunzi akiijua tofauti hiyo, atakuwa raia awezaye kuuliza swali lililo sawa na kudai jibu lenye vipimo.

Zoezi kwa wanachuo

Andaa somo la dakika 40 kwa Darasa la Nne, ukitumia tangi moja lenye mkondo na jingine lisilo na mkondo, yote mawili bila samaki. Weka majani mabichi katika kila tangi, na wanafunzi waandike kila siku rangi na harufu ya maji kwa muda wa juma moja.