Anza na Bati, Malizia na Jiwe

Viwanja vingi vya Nyegezi vilivyokaa vizuri vilishajengwa zamani. Anayetaka nyumba mpya leo katika kona hii ya kusini mwa jiji la Mwanza, kati ya majabali na ziwa, mara nyingi hulazimika kwanza kuiondoa ya zamani, na wengi huifanya kazi hiyo wenyewe: vijana wawili watatu wa mtaani, nyundo kubwa, sululu, mtalimbo na toroli. Mtambo ni ghali kukodi, na katika vichochoro vya mlimani haupiti. Kazi huonekana nyepesi kwa sababu ni ya kuvunja tu. Lakini nyumba iliyotulia miaka 30 bado imebeba uzito wote iliopewa siku ya kwanza, na uzito huo hautoweki kwa kuwa mwenye nyumba ameamua kujenga upya.

Ukuta wa matofali hustahimili sana kukandamizwa. Kusukumwa ubavuni hauwezi. Kinachouweka wima ni uzito unaoubana kwa juu, kuta zinazokutana nao kwenye kona, na kenchi zinazoushika kichwani. Ezua bati, shusha kenchi, na vishikizo viwili kati ya hivyo vimeondoka kwa siku moja. Ukuta wa matofali ya inchi 6, yaani sentimita 15, wenye kimo cha mita 3, una kimo mara 20 ya unene wake; ukibaki peke yake husimama kama daftari lililosimamishwa kwa ukingo. Ukiwa na urefu wa mita 4, uzito wake unapita tani 3. Upepo wa ziwani wa alasiri unatosha kuwa hatari.

Ndiyo maana fundi mzoefu huzirudia hatua za ujenzi kinyumenyume: bati, kenchi, pembetatu za ukuta zilizobeba paa pande mbili, lenta, kisha matofali kozi kwa kozi kutoka juu. Ukuta wa ndani unaoishika kona huachwa usimame hadi mwenzake ashuke. Kosa linaloua ni lile la haraka: kuchimbua kozi za chini kwa sululu ili ukuta wote uanguke mara moja. Unaanguka kweli, ila hakuna anayeweza kuuamuru uelekee upande gani.

Mlango na dirisha vina hatari yake. Matofali yaliyo juu ya uwazi hupitisha uzito pembeni kwa umbo la tao, hata pale lenta ilipooza zamani. Tofali la pembeni mwa mlango likitolewa, tao hupoteza kiegemeo. Majengo makongwe yana njia nyingi za uzito za namna hii ambazo jicho halizioni. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili walikufa. Hao walikuwa wakilitengeneza, si kulibomoa.

Kabla ya nyundo ya kwanza, inafaa kubandua kipande cha plasta na kuangalia matofali yameunganishwa kwa nini. Nyumba za zamani mara nyingi zina matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo, na saruji ikapigwa juu kama ngozi. Udongo mbichi haujabadilika tabia. Umekauka tu, na chembe zake za mfinyanzi zimeshikana. Ukilowa unalainika, na tofali linachomoka zima kwa pigo jepesi la mtalimbo. Tofali lenyewe haliwezi kurudi nyuma hivyo, kwa sababu moto wa tanuru umeugeuza mfinyanzi kuwa kitu kingine kisichoyeyuka tena. Saruji nayo haikauki bali huungana na maji na kuota fuwele zinazojikita ndani ya vitundu vya tofali. Mara nyingi kiungo huwa kigumu kuliko tofali, na anayejaribu kuyatenganisha huambulia vipande.

Kwa hiyo nyumba ya matofali yaliyoshikwa kwa udongo humrudishia mwenyewe mali nyingi zaidi. Uzuri huo una bei. Septemba 10, 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoitikisa Kagera, ng'ambo ya ziwa, maelfu ya nyumba ziliharibika, na kuta zisizo na nondo wala viungo imara ndizo hupasuka mapema katika mtikisiko wa aina hiyo. Matofali yaliyookolewa yanafaa kabisa kujenga tena, mradi safari hii yapewe mshikizo wa kweli na lenta inayozunguka nyumba nzima.

Nondo za zamani zinastahili tahadhari. Chuma kilichokunjwa na kunyooshwa tena kikiwa baridi huwa kigumu zaidi lakini hupoteza uwezo wa kunyumbuka kabla ya kukatika, na uwezo huo ndio unaotakiwa kwenye nguzo na lenta. Zitumike kwenye uzio au kazi nyingine isiyobeba watu vichwani.

Halafu kuna vumbi, na hapa Mwanza ina habari yake. Majabali haya ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na jiwe hilo lina kwatzi nyingi. Mchanga na kokoto zilizojenga nyumba za Nyegezi zimetoka humo. Zege likivunjwa, kwatzi hurudi hewani. Chembe zinazoonekana zikimetameta juani ni kubwa, nyingi hunaswa puani; zenye madhara ni zile za chini ya mikroni 5, ilhali unywele una takriban mikroni 70. Hizo hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuacha makovu yasiyopona, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao pia humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Wachimbaji wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa wanaujua. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe hizo. Maji yanazizuia: ukuta ulowe kabla ya kupigwa, kifusi kilowe kabla ya kupakiwa, na watoto wakae mbali. Paa likiwa la shuka za saruji zenye asbesto, mwenye nyumba asiliguse. Nyuzi zake husababisha saratani inayoweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, na kuliondoa ni kazi ya wenye vifaa na mafunzo.

Mlimani upo ukuta mmoja wa kuogopwa kuliko yote, ule wa nyuma, uliochimbiwa kwenye mteremko. Miaka yote umezuia udongo, na wakati mwingine udongo huo ndio uliozuia jiwe lililo juu yake. Huo ubomolewe mwishoni, wakati wa kiangazi cha Juni hadi Septemba, baada ya udongo wa juu kupunguzwa kwa ngazi. Mvua ikishaingia, udongo huongezeka uzito na kupungua mshiko kwa wakati mmoja.

Aliye chini kabisa, ufukweni, apime kwanza kwa futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa, na mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuingia katika nyumba za watu kuanzia Tanzania hadi Uganda. Anayebomoa kabla ya kupata kibali cha kujenga kutoka halmashauri anaweza kubaki na kifusi peke yake.

Msingi ndio wa mwisho. Mara nyingi ni mawe ya hapo hapo, na mengine ni majabali ambayo hayakuletwa na mtu. Wapasua mawe wa Mwanza huyashinda kwa moto: kuni huwashwa juu ya jiwe kwa saa nyingi, ngozi ya jiwe inapanuka upesi kuliko moyo wake, na kwatzi ikifika nyuzi 573 za Selsiasi hubadili mpangilio wake na kutanuka ghafla. Jiwe linapasuka. Vipande vinavyopatikana hurudi kwenye msingi mpya, na vifusi vya zege, vikishatenganishwa na mbao, mizizi na plasta laini, vinashindiliwa chini ya jamvi.