Usimfunike bibi kwa maua!
Mchwa walishatafuna nusu ya albamu ya bibi yangu, kwa hiyo picha zilizosalia nazipanga kwenye kompyuta. Fungua ukurasa wa inchi 12 kwa 12, nukta 300 kila inchi, yaani pikseli 3,600 kila upande. Ukipunguza, siku ya kuchapisha sura zitakuwa ukungu mtupu. Picha moja iwe kubwa, nyingine ziisindikize. Vivuli vyote viangukie upande mmoja, jua si ni moja, bwana! Maua na mioyo? Kiduchu tu. Kuna watu wanajaza marembo mpaka bibi haonekani. Na majina yaandike leo leo. Kwangu, wanaowatambua wale waliosimama nyuma wamebaki wawili.